Volti Kumi na Mbili

"Kama si umeme, basi mwanangu karushwa na nini?"

Aliniuliza hivyo mama mmoja wa Kigombe, kijiji cha pwani, kwenye veranda ya hospitali, amekaa sakafuni kwa sababu mabenchi yote yalikuwa yamejaa. Kanga moja ameitandika chini, nyingine amejitanda. Mimi nilikuwa nimesimama. Nilikuwa na shahada ya uhandisi wa umeme, buti za usalama, kofia ngumu mkononi, na miaka ishirini na tano. Nikaangalia ukuta, nikasema, "Mama, madaktari wanaangalia."

"Madaktari sijawauliza," akasema. "Nimekuuliza wewe uliyekuwepo. Hebu nambia."

Nikavaa kofia yangu, nikatoka verandani.

Nawaandikia nyinyi mnaosoma ufundi wa umeme sasa hivi. Kazi yenyewe niliiacha nikiwa na miaka thelathini na tatu, umri ambao wenzangu wengine ndio kwanza wanakabidhiwa funguo za stoo. Mtaniwia radhi nikijiita mstaafu. Sina pensheni, na hakuna aliyeniaga kwa saa ya ukutani. Ninalo duka la vyombo la mama yangu, mtaa wa Makorora, na mteja akiniletea birika la umeme lililokufa namwambia sijui kutengeneza. Huo ni uongo, lakini wa kunitosha mimi.

Karakana niliyoanzia ilikuwa mtaa wa Chumbageni, na kazi yake ilikuwa kusuka mota. Mota ikiungua, waya wa ndani unakatwa na kutolewa wote, unasukwa mpya, unapigwa vanishi, unaokwa kwenye pipa lililogeuzwa oveni. Mwenyewe alikuwa Mzee Nassor, wa ukoo wa Kiomani, aliyeketi mlangoni kutwa na tasbihi na kikombe cha kahawa. Alijua jina la kila mteja na la baba yake mteja, na hakujua jina la kifaa hata kimoja. Kwake vyote vilikuwa "hicho chuma." Fundi mkuu alikuwa Fundi Mhina, Mbondei wa Muheza, mfupi, miwani yake imeungwa sikioni kwa waya wa shaba. Fundi wa pili alikuwa Bakari, mtoto wa yule mama wa Kigombe, mtu mzima wa miaka kama thelathini, mwenye mikono mizuri kuliko yote niliyopata kuiona ikishika koleo. Mimi nilikuwa nasubiri kazi ya maana. Nilidhani pale napita tu.

Funzo la kwanza halikuwa la umeme. Niliingia asubuhi nikamkuta Fundi Mhina ameinamia mota. "Shikamoo, Fundi." Kimya. Nikarudia. Kimya. Nikamgeukia Mzee Nassor kuuliza nimekosa nini, Bakari akanivuta kando.

"Anahesabu mizunguko, dada. Hapo hata mamake hamwitikii."

Ukitoa waya ulioungua lazima ujue kila koili, yaani kila fungu la waya uliozungushwa, ilikuwa na mizunguko mingapi. Ukikosea hesabu utasuka mota nyingine kabisa. Na mtu akikusalimia ukiwa kwenye hamsini na nane, ukamwitikia, umerudi kwenye moja. Basi mtaa mzima ulijua kwamba kipande cha kaniki kikining'inia mlangoni, ndani kuna mtu anahesabu, salamu hazipokelewi. Wageni wasiojua waliondoka wamenuna. Mzee Nassor alilalamika kila wiki: "Huyu Mbondei kanifukuzia watu wawili tangu Jumatatu. Mtu kaleta salamu ya Mungu, kakaziwa uso kama kaja kuposa mkewe." Akimaliza kuhesabu, Fundi Mhina alizijibu zote kwa mkupuo, mpaka kwa waliokwisha kuondoka: "Marahaba, marahaba, waaleikumu salaam, na wewe uliyepita na baiskeli, salama tu!"

Kosa langu la kwanza lilimwangukia mtu usoni, na sitanii. Mama Zuhura, muuza vitumbua, alituletea mashine yake ya kukuna nazi. Niliisuka mwenyewe, nikaiunganisha mwenyewe, nikakataa isikaguliwe. Kumbe ncha za koili ya kuanzishia nilizigeuza, mota ikawa inazunguka kinyume. Kesho yake Mama Zuhura akaja machicha yamemjaa kwenye nyusi.

"Nani kaitengeneza hii? Nampa nazi, ananitemea!"

"Ni Injinia wetu," Bakari akasema, akinionyesha kwa kidevu.

"Huyu? Huyu mwambieni akasome tena."

Walicheka wiki nzima. Mimi nami nilicheka, na tangu siku hiyo nikawa nafunga alama ya uzi kwenye kila ncha kabla ya kukata. Fanyeni hivyo. Msiamini kwamba mtakumbuka.

Kulikuwa na mengi ya namna hiyo, ambayo chuoni hakuna anayeyasema. Mota ikija imeungua upande mmoja tu, si mota mbovu, ni waya mmoja wa njia tatu uliokatika huko inakotoka, na ukiisuka bila kumwambia mwenyewe itarudi kwako kabla ya mwezi. Mota ya pwani inuse kabla ya kuifungua: harufu ya chumvi na kutu ni kazi nyingine, harufu ya sukari iliyoungua ni vanishi. Kibao cha maelezo kwenye mota kinaweza kusema uongo, kwa sababu kuna mafundi waliopita kabla yako wakaisuka tofauti. Fundi Mhina aliyajua haya yote na hakuwa na maelezo ya hata moja. "Ndivyo inavyokwenda," alisema.

Mimi sikuweza kuishi na "ndivyo inavyokwenda." Baba yangu alishuka kutoka milima ya Usambara kuja kufanya kazi kwenye mkonge, Mlutheri wa kusali asubuhi na jioni, na alizoea kuwaambia wageni kwamba nyumbani kwake anaishi na afisa upelelezi. Chuoni mhadhiri mmoja aliniomba nimwachie angalau dakika kumi za kufundisha. Niliuliza kila kitu. Nilidhani kuuliza na kujua ni jirani sana.

Jambo moja la Fundi Mhina lilinikera kuliko yote. Koili kubwa zikishasukwa, tulizipima kwa betri ya gari, volti kumi na mbili, na dira ndogo, ili kuona sumaku inaelekea wapi. Kabla ya kuchomoa betri, Fundi Mhina alichukua taa ya breki ya gari yenye nyaya mbili, akaifunga kwenye ncha za koili. Ndipo akachomoa. Taa haikuzimika papo hapo. Ilififia taratibu. Akiona imekwisha kabisa, ndipo anagusa waya.

"Fundi, taa hiyo ya nini?"

"Ya kumlaza."

"Kumlaza nani?"

"Huyu." Akaigonga koili kwa mpini wa bisibisi. "Huyu sasa yuko macho. Ukimwacha ghafla anakasirika. Mlaze kwanza."

"Betri ni ya volti kumi na mbili. Hata nikiishika na mikono ya maji hainifanyi kitu."

"Betri haikufanyi kitu."

"Basi taa ya nini?"

"Ya kumlaza."

Bakari alikuwa pembeni anatikisa mabega kwa kicheko. Sikuacha. "Nani alikufundisha?" "Singasinga mmoja, zamani, alikuwa hana kidole cha shahada." "Na yeye alifundishwa na nani?" "Sikumwuliza." "Mimi nauliza," nikasema. "Naona," akasema.

Siku moja ya Jumamosi karakana ilikuwa na watu wengi, wateja watatu au wanne, na Fundi Mhina akafunga taa yake. Nikasema kwa sauti, kila mtu asikie: "Fundi, huyo unayemlaza ni jini? Tukamletee ubani?" Wateja wakacheka. Mzee Nassor akasema astaghfirullahi, lakini naye alicheka. Nikaendelea, "Nionyeshe imeandikwa wapi. Kitabu chochote." Fundi Mhina akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa shati. "Mimi kitabu sina, mwanangu." Akaifunga taa. Lakini nilimwona: safari hii aliifunga haraka, amewapa watu mgongo, kama mtu anayefanya jambo la kuonea haya. Nilihisi nimeshinda.

Sasa niwaambie siku yenyewe.

Nje kidogo ya mji kulikuwa na kiwanda cha chokaa, ambacho sitakitaja. Juu ya mkanda unaopeleka mawe kwenye mashine ya kusaga walining'iniza sumaku kubwa ya umeme, uzito wa gari dogo, ya kunasa vipande vya chuma visije kuvunja meno ya mashine. Iliungua, tukaisuka, koili mbili nene za waya usio na hesabu. Ikarudishwa mahali pake. Kabla ya kuipa umeme wake wenyewe ilibidi kuhakikisha koili zote mbili zinavuta upande mmoja. Kiwanda kilitaka mtu mwenye cheti asimamie. Fundi Mhina magoti yalikuwa yamemchoka, ngazi hapandi tena. Tukaenda mimi na Bakari.

Pale chini Bakari akafungua mkoba. "Da Tumaini, taa umeiweka wapi?"

"Sikuileta."

"Ya kumlaza?"

"Bakari, jamani. Na wewe?"

Watu wa kiwanda walikuwa wanatazama. Msimamizi wao alishatuambia mkanda unatakiwa uwashwe kabla ya adhuhuri. Mkanda wa usalama, wa kujifunga kiunoni, ulikuwa mmoja, umefungiwa stoo, na mwenye ufunguo alikuwa ameenda msibani. Nikasema hatuna haja, ni kazi ya dakika tano. Bakari akaenda kunywa maji, akarudi, akapanda.

Juu kule, kiasi cha dari mbili kutoka chini, alishika kibano cha betri, akaunganisha. Mimi nilisoma dira nikiwa kwenye daraja la kutembelea, pembeni ya mkanda wa mawe. Koili ya kwanza sawa. Nikamwambia, "Chomoa." Mkono wa kushoto alikuwa ameshikilia ncha ya koili isiyumbe, wa kulia akavuta kibano.

Niliona cheche. Ya buluu, ndogo, kama ya kiberiti kilicholowa. Kisha mgongo wake ukapinda nyuma, kichwa kikaenda juu, akaachia kila kitu, akaanguka. Tulipomfikia miguu na mikono ilikuwa inakakamaa na kutetemeka, na povu mdomoni.

Jioni ile ile afisa usalama wa kiwanda alitukusanya kwenye betri, nayo ilikuwa bado pale pale. Alikuwa mtu mpole, si mkorofi, na aliniuliza kwa heshima. "Injinia, wewe ndiye mtaalamu. Betri ya gari inaweza kumrusha mtu?"

"Haiwezi," nikasema. Nikainama, nikashika ncha zote mbili za betri kwa mikono yangu, nikawaangalia mmoja mmoja. "Mnaona?"

Wakaona. Nilichosema kilikuwa kweli tupu. Betri haiwezi. Cheche niliyoiona sikuisema, kwa kuwa haikuingia kwenye hesabu yangu, na mimi niliyekuwa nauliza kila kitu, hiyo sikuiuliza.

Kama si umeme, basi mtu aliyekakamaa na kutoka povu ana nini? Hospitali walipokea maelezo yetu kama tulivyoyaleta. Nyonga ya Bakari ilikuwa imevunjika, kichwa kimegonga chuma. Na kwenye karatasi ikaandikwa kifafa. Ripoti ya kiwanda ikasema mfanyakazi alianguka kwa sababu ya ugonjwa aliokuwa nao. Jina langu liko chini ya ukurasa huo, na saini yangu ni nzuri.

Kifafa ni ugonjwa kama magonjwa mengine, kina dawa, na mwenye nacho hana la kuonea haya. Hayo mimi nayajua, nanyi mnayajua. Lakini nendeni mkawaambie wazee waliotoka Pangani kumposa Mwanahamisi, mdogo wake Bakari. Walikuwa wameshakula wali wa posa. Waliposikia kaka mtu ana kifafa walituma mtu na maneno mazuri, kwamba kijana wao amepata safari. Safari haikwisha. Bakari akapewa vidonge vya kila usiku. Akakatazwa ngazi, akakatazwa moto, akakatazwa kuingia baharini. Mtu wa Kigombe anayekatazwa bahari anabaki na nini? Alibaki na kibaraza. Akawa anatengeneza chaja za simu na redio, amekaa, mguu mmoja umenyooka mbele.

Niliporudi karakana Fundi Mhina aliniuliza neno moja. "Taa ilikuwepo?"

"Haikuwepo."

Akatundika kaniki mlangoni, akainama kwenye mota. Mota yenyewe ilikuwa tupu, haina waya wa kuhesabu. Hakusema, "Nilikuambia." Sikuwahi kumsikia akisema. Kabla ya mwaka kwisha aliacha kazi, akadai macho yamechoka, akarudi Muheza. Niliuchukulia ukimya wake kuwa ni uungwana, nikaufurahia.

Miaka saba ikapita. Nilikuwa nimeshapata ile kazi ya maana, kwenye viwanda vikubwa, na watu chini yangu. Siku moja ya Jumapili nyumbani Makorora taa ya mche ya dukani, ile nyeupe ndefu, ikakataa kuwaka. Nikatoa choki, lile sanduku zito la chuma linalokaa nyuma ya taa. Ndani yake ni waya tu uliozungushwa kwenye chuma, yaani koili. Sikuwa na kipimo. Nikachukua betri mbili za tochi, volti tatu kwa jumla, nikagusisha waya zake kwa vidole vitupu ili nione kama kuna cheche. Nikazitoa.

Ilinipiga mpaka kwenye kiwiko. Betri za tochi zikaruka chini ya kabati.

Nikagusisha tena. Kushika, hakuna kitu. Kuachia, inapiga. Tena. Kushika, hakuna. Kuachia, inapiga. Mama akaniuliza kutoka mbele kama nimeumia, mbona nimekaa chini.

Kanuni hii nilikuwa nimeisoma. Niliisoma sekondari na nikaisoma chuoni mara mbili. Umeme ukipita kwenye koili unajenga sumaku, na kujenga kunachukua muda. Ukiukata ghafla, ile sumaku inaporomoka mara moja, na katika kuporomoka inausukuma umeme uendelee na safari yake. Fikirini toroli la mkonge kwenye reli, limejaa, linatembea polepole. Mnaweza kulisukuma watu wawili, lakini jaribuni kulisimamisha ghafla kwa mkono. Koili haijali betri ilikuwa ya volti ngapi. Ukiizibia njia inapandisha volti mpaka ipate njia nyingine: mia, elfu, zaidi ya elfu. Ukiipa taa, inapita kwenye taa, inajimaliza humo taratibu. Usipoipa kitu inapita hewani kama cheche, au inapita kwa aliyeshika ncha. Siku ile njia ilikuwa Bakari, kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, kifuani katikati.

Kwenye mtihani niliulizwa kanuni hiyo, nikaithibitisha kwa mistari sita, nikapata alama zote. Fundi Mhina hakujua hata mstari mmoja, na mikono yake iliijua.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Kigombe na ile choki na betri mbili za tochi kwenye mfuko wa plastiki wa rambo.

Bakari alikuwa kibarazani na chaja kumi na kitu mbele yake. Mama yake alikuwa anachagua mchele. Nikaamkia.

"Marahaba," mama akasema. "Injinia. Umepotea."

Sikujua nianzie wapi, basi nikaanza na mikono. Nikaviunganisha vitu, nikamwambia Bakari ashike ncha zote mbili, kisha aachie betri kama alivyoachia siku ile. Akaweka chini chaja aliyokuwa ameshika. Akashika. Akaachia.

Mkono ukaruka, chaja mbili zikaanguka kibarazani. Alibaki ameuinua ule mkono hewani.

"Ndiyo hii," akasema. "Ndiyo hii hii. Ile ilikuwa kubwa, lakini ni hii."

"Nipe na mimi," mama akasema.

"Mama, inauma."

"Nipe."

Akashika. Akaachia. "Uu!" Punje za mchele zikatawanyika. Akajitazama vidole kimoja kimoja. "Hiki ndicho mlichokiita kifafa? Vijibetri vya tochi?"

"Ndiyo, mama."

"Mwanahamisi! Njoo huku!"

Mwanahamisi akatoka jikoni, mtu mzima sasa, mikono ina unga. Mama yake akamwamuru ashike. Akashika, akashtuka, akaiweka ile choki chini taratibu kama chungu cha mtu. "Kumbe ni kidude hiki," akasema, akarudi jikoni. Nilimsikia akiendelea kukanda.

Bakari akaniuliza, "Chuoni mlifundishwa?"

"Tulifundishwa."

"Mtihani ulifaulu?"

"Nilifaulu."

Akacheka, na sikukipenda kicheko kile. "Miaka saba, Da Tumaini. Kila usiku kidonge. Nilikuwa namwambia daktari, mimi nilipigwa, ananiambia Injinia kasema haiwezekani. Mwisho nikasema labda kweli. Nikawa najilalia kitandani najichunguza kama naanza kuanguka."

Nikamwomba msamaha. Akasema sawa, kama mtu anavyosema sawa akirudishiwa chenji pungufu na basi limeshaondoka.

Nilimpeleka kwa daktari mwingine, mjini. Alimpima kichwa, akauliza maswali mengi, akasema haoni kifafa na pengine hakikuwahi kuwepo. Bakari akataka kuvitupa vidonge pale pale kwenye pipa. Daktari akamshika mkono. "Hivi havikatwi ghafla. Ukikata ghafla ndiyo utaanguka kweli. Tutapunguza nusu, kisha robo, miezi kadhaa." Nilitoka nje nikasimama uani.

Kiwandani niliandika barua, nikarudi mara nne. Afisa usalama yule alikuwa amehamishwa, ripoti ikawa imeshafungwa, na kijana aliyekuwa mapokezi alinieleza kwa adabu kwamba ripoti iliyofungwa haina utaratibu wa kufunguliwa. Pangani sikwenda. Yule kijana alishaoa. Mwezi uliofuata niliitwa kusaini kazi ya mota kubwa, nikashika kalamu, nikairudisha mezani. Ndipo nilipostaafu.

Mtasema nimewaandikia maombolezo, mlitaka ufundi. Ufundi ni huu. Koili yoyote yenye chuma ndani, iwe ya mota, ya sumaku, ya transfoma, ipe njia ya kujimaliza kabla ya kuikata. Njia hiyo ifungeni kwenye ncha za koili zenyewe; mkiifunga kwenye betri, mkichomoa mmeichomoa nayo. Subirini taa ife yenyewe. Msishike ncha mbili kwa mikono miwili hata kama chanzo ni betri ya redio. Mkiona cheche msiyoielewa, iandikeni, hata kama inawaaibisha. Na mkimkuta mzee anafanya jambo ambalo hawezi kulieleza, ulizeni, ulizeni sana, lakini jambo lenyewe liendeleeni kulifanya mpaka jibu lipatikane. Mimi niligeuza utaratibu. Nililiondoa kwanza, jibu likaja baada ya miaka saba.

Fundi Mhina alifariki mwaka jana. Tulimzika kwao Muheza, chini ya mvua ndogo isiyokatika. Bakari alikuja na fimbo yake, akakaa karibu yangu kwenye benchi nyuma ya turubai. Hatukuwa tumeonana tangu siku za daktari. Nikamwambia lililokuwa linanisumbua tangu asubuhi: kwamba laiti magoti ya mzee yangekuwa mazima, angekuja na sisi kiwandani siku ile, na asingekubali Bakari apande bila taa.

Bakari alikuwa anachora chini kwa ncha ya fimbo.

"Nilimuuliza," akasema.

"Lini?"

"Nilipokwenda kunywa maji. Nilimpigia simu. Nikamwambia, Fundi, Da Tumaini anasema taa haina kazi, nipande au nisipande? Akanyamaza, mpaka nikadhani salio limekwisha. Halafu akasema, 'Mfuate Injinia. Yeye kasoma. Mimi huenda nilifundishwa vibaya.'"